Kitasa Kimegoma, Mume Yuko Kambini

Maltituli ya betri inaingia majumbani kwa kasi. Kabla hamjatoa mshiko, kaeni chini nyote wawili

Tuanze na mfano ambao kama unaishi Kahama, Geita au Shinyanga mjini hautakushangaza hata kidogo. Bwana ni fundi mitambo Bulyanhulu. Wiki mbili yuko kambini, wiki moja yuko nyumbani. Bibi yuko benki, Kahama mjini. Nyumba yao iko Nyihogo na wamehamia kabla haijaisha, kama tunavyofanya wengi wetu tukichoka kumlipa mwenye nyumba: paa lipo, madirisha yapo, vigae vimewekwa sebuleni na bafuni, mengine "tutamalizia taratibu".

Mvua za Novemba zimeshika. Mlango wa mbele umevimba, umeshuka kidogo kwenye bawaba, na ulimi wa kitasa hauingii tena kwenye tundu lake pale kwenye fremu. Saa mbili usiku bibi yuko peke yake na mtoto, na mlango haufungi.

Anampigia fundi. "Kesho asubuhi na mapema niko hapo, dada." Kesho inapita. Anampigia mumewe. "Mama watoto, vumilia, Jumamosi natoka." Usiku wa tatu analala ameegemeza meza mlangoni, na Jumamosi bwana akiingia na begi lake begani, salamu anayopewa siyo ile aliyoizoea. Yeye anadhani amenuniwa kwa ajili ya kitasa. Mwenzake amekaa siku tatu akijiuliza kama hii nyumba ni ya watu wawili au ya mtu mmoja na mgeni anayekuja kila baada ya wiki mbili.

Kazi ya kitasa kile ni ya dakika kumi. Unapaka chaki kwenye ulimi, unafunga mlango uone unagonga wapi, unaongeza tundu la fremu milimita tatu au nne upande wa chini, basi. Mashine inayofanya kazi hiyo bila kung'oa mlango na bila kumwita mtu ndiyo tunayoiongelea mwezi huu. Kwenye boksi imeandikwa multi-tool, nasi humu tutaiita maltituli. Swali kubwa tutakalorudi kwalo mpaka mwisho ni moja: mnamnunulia nani?

Ni mdudu gani huyo?

Kama wewe au ndugu yako aliwahi kuanguka na bodaboda akafungwa plasta mguuni, basi binamu wa mashine hii mmeshaonana naye. Siku ya kutoa plasta, mhudumu alikuja na kamashine kanakolia kama nyuki, akakapitisha juu ya plasta ngumu ikapasuka, na mguu ukabaki salama. Bledi ya mashine ile haizunguki. Inatikisika kwenda na kurudi kidogo sana, kwa kasi kubwa. Kitu kigumu kama plasta hakiwezi kuufuata mtikisiko huo, kwa hiyo kinakatika. Ngozi laini inatikisika pamoja nayo.

Aliyeifikiria alikuwa daktari wa mifupa wa Marekani, Homer Stryker wa mji wa Kalamazoo, Michigan, miaka ya 1940. Baadaye kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, wale wale waliotengeneza drili ya kwanza ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1895, walitoa msumeno wao wa plasta mwaka 1967. Kutoka hapo wazo likahamia karakana: ukibadilisha bledi, mtikisiko ule ule unakata mbao, msumari, paipu na jipsamu, unapiga msasa na kukwangua.

Usije ukajaribu kwenye mkono wako, lakini! Bledi ya plasta ni jambo jingine. Ya maltituli ina meno ya kukata mninga, na kidole kwake siyo tatizo.

Mtikisiko wenyewe ni wa nyuzi kama 3 au 4 tu kwa jumla, na kwenye mashine nyingi unaweza kufika mara 20,000 kwa dakika ukifungua spidi yote. Kwa sababu haizunguki, haikunyang'anyi mkono kama grinda, na ina uwezo ambao grinda haina: kuingia moja kwa moja katikati ya ubao kama patasi, bila kuanzia ukingoni. Ndiyo maana inafaa kwa tundu la kitasa. Ndiyo maana pia mtu ambaye hajawahi kushika mashine anaweza kuanzia hapa.

Na patasi na nyundo je? Nakubali, vinafanya kazi ya kitasa, tena kwa bei ya chakula cha mchana. Kama mnajua kuvitumia na hamna kazi nyingine, funga gazeti, nenda kanunue patasi. Ila kupasua fremu ya mninga mkavu kwa patasi butu, mtoto amelala chumba cha pili, nako ni kazi ya kuomba.

Kwanza daftari, dukani baadaye

Kabla hamjaenda dukani, fanyeni hivi. Bwana akirudi kutoka kambini, jioni moja mkiwa mmetulia, chukueni daftari. Andikeni kila kazi ndogo ya nyumba iliyowashinda kwa miezi sita iliyopita. Msibishane nani alisahau, andikeni tu.

Orodha za nyumba zetu hazitofautiani sana. Kitasa. Mlango wa chumba unaokwaruza vigae vipya kwa sababu fremu iliwekwa kabla ya sakafu. Grauti nyeusi bafuni. Silikoni iliyooza kwenye sinki. Tundu la taa kwenye dari la jipsamu ambalo fundi alikata dogo. Blandaringi iliyotokeza. Paipu ya plastiki chini ya sinki la jikoni, pahali ambapo msumeno hauingii. Skrubu yenye kutu isiyo na kichwa. Droo ya kabati iliyogoma. Hizo zote ni kazi za maltituli, na wala sitii chumvi.

Halafu kuna upande wa pili wa orodha. Kutundika pazia, kufunga televisheni ukutani, kufunga rafu, kuchimba njia ya waya ukutani. Hapo maltituli inachemsha. Kuta za kwetu siyo za mbao na jipsamu kama zile unazoziona kwenye filamu za Marekani, ambako jamaa anakata ukuta kwa dakika moja na mkewe anapiga makofi. Sisi ukuta ni tofali la saruji au tofali la kuchoma, na plasta juu yake. Kutoboa kunataka drili ya kugonga, kuchimba njia ya waya kunataka grinda yenye disiki ya almasi. Maltituli ukiipeleka kwenye tofali utamaliza bledi, utamaliza betri, na ukuta utabaki na mkwaruzo kama wa paka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na muuza duka hataupenda: kama nyumbani hamna mashine hata moja, ya kwanza inunuliwe drili ya kugonga. Maltituli ije ya pili, ya aina ambayo itatumia betri zile zile. Na kama daftari lenu lina kazi mbili tu za maltituli kwa mwaka mzima, au mmepanga na mkataba unaisha Juni, muiteni fundi, mlipeni vizuri, mlale.

Kazi za umeme nazo zitoeni kabisa kwenye daftari. Kukata tundu la taa kwenye jipsamu, sawa. Kuunga nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mnanunua betri, mashine ni nyongeza

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukichukua maltituli ya betri, unajifunga na ukoo wa betri hiyo. Kila kampuni ina yake, na hawaoleani. Betri ya Makita ya 18V haiingii kwenye DeWalt. Bosch ya bluu na Bosch ya kijani zote ni 18V, zote ni Bosch, na betri zake haziingiliani. Usiulize kwa nini, ni biashara. Kwa hiyo mkishakuwa na drili ya betri nyumbani, swali la maltituli ipi mnunue limeshajibiwa nusu yake: ile ya ukoo ule ule, inunuliwe mashine tupu bila betri. Bei itashuka sana, kwa sababu betri na chaja hubeba sehemu kubwa ya gharama.

Sasa hesabu. Kwenye betri kuna namba mbili, V na Ah. Zizidishe, unapata nishati iliyomo. 18V mara 2Ah ni 36. 18V mara 4Ah ni 72. Tuseme mashine ikikata mbao ngumu inavuta wati 200. Betri ya kwanza itakupa kama dakika 11 za kukata mfululizo, ya pili kama dakika 22. Dakika 11 zinatosha kitasa, zinabaki na za kupasulia paipu. Kwa grauti ya bafu zima hazitoshi, utakaa unasubiri chaja kama mtu anayesubiri gari la mwisho la Kakola.

Umeme nao tunaujua. Mgao wa 2006, wa 2011, kisha ule uliotusumbua tangu 2022 mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha Februari 2024. Hali ni nafuu, lakini mvua ikipiga na nguzo ikaanguka, betri iliyokwisha ni jiwe. Betri mbili ndogo zinafaa zaidi nyumbani kuliko moja kubwa: moja inafanya kazi, nyingine iko kwenye chaja, na mashine inakuwa nyepesi mkononi. Msiziache ndani ya gari lililopaki juani. Jua la Shinyanga mchana wa Oktoba linaua betri za lithiamu polepole bila kelele. Na betri iliyotoka kazini ya moto iacheni ipoe kwanza ndipo muichaji.

Halafu kuna usanii. Utaziona mashine zenye rangi ya kampuni kubwa, umbo la betri ya kampuni kubwa, na ubavuni pameandikwa 48V, 88V, wengine wanafika 198V. Jamani! Ndani ya betri ya 18V kuna seli tano zimepangwa mstari, kila moja 3.6V. Zikijaa kabisa, kila moja inafika 4.2V, jumla 21V. Ndiyo maana 18V, 20V na 21V zinazoandikwa kwenye maboksi mbalimbali ni kitu kimoja kwa lugha tofauti: mmoja kahesabu wastani, mwingine kahesabu ikiwa imejaa. Betri ya ukubwa ule ule yenye kuandikwa 88V haina 88V. Kama ameweza kudanganya kwenye namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, je, ubora wa seli usizoziona?

Sisemi kila mashine ya bei nafuu ni kimeo. Ingco na Total ziko kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, bei yake inafikika, na kwa nyumba inayotumia mashine mara moja kwa mwezi hakuna ulazima wa kununua mashine ya fundi wa kila siku. Ila isome betri, na uulize kabla ya kulipa: betri ya akiba ya hii mnayo hapa dukani? Kama jibu ni "tutakuagizia", fikiria upya.

Jambo jingine la kuangalia ni chaja. Geuza, soma palipoandikwa INPUT. Unataka 220 mpaka 240V. Vifaa vya mtumba kutoka Japani vinakuja na chaja za 100V, vya Marekani 120V. Ukichomeka kwenye soketi yetu ya 230V, utasikia harufu kabla hujaona taa.

Na kama mfuko unaruhusu, chukua yenye mota isiyo na brashi. Haina makaa ya kubadilisha na betri inadumu zaidi kwa kila chaji. Kama hauruhusu, usikope kwa ajili hiyo.

Bledi ndiyo itakayowagombanisha

Mashine inanunuliwa mara moja, bledi zinanunuliwa maisha yote. Tena bledi ya maltituli inaisha haraka, kwa sababu ni meno machache yale yale yanayofanya kazi yote.

Bledi ya chuma cha kawaida ni ya mbao safi na plastiki. Ikikutana na msumari mmoja, kwisha habari yake. Sasa tukumbushane mbao za nyumba zetu: ngapi zilikuwa fomu ya kumwagia zege kabla hazijawa blandaringi? Zimejaa misumari iliyokatikia ndani. Kwa hiyo kwa nyumba ya kwetu bledi ya kwanza iwe ya metali mbili, ile inayoandikwa BIM au bi-metal, inayovumilia mbao yenye msumari. Yenye meno ya kabaidi ndiyo ya skrubu ngumu na chuma, na bei yake inauma. Ya grauti haina meno kabisa, ina chembe za kabaidi au almasi kama msasa mkali. Ya kukwangulia ni bapa, ya silikoni na gundi ya vigae. Na ile pembetatu ya kubandikia msasa inaingia kwenye kona za dirisha ambazo mkono wako unakataa.

Msinunue boksi la bledi mia moja za rangi ya dhahabu kwa sababu ni bei ya kutupa. Nimekuwa mjinga huyo. Bledi ya kwanza ya boksi langu ilinyooka meno kwenye mbao ya msonobari, siyo mninga, msonobari! Chukueni nne nzuri kulingana na daftari lenu.

Angalieni pia bledi inavyoshikwa. Kuna mashine zinazofunga bledi kwa skrubu na ufunguo mdogo wa pembe sita, na kuna zenye mkono wa kufyatua, unabadilisha bila ufunguo. Ufunguo mdogo katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu una maisha ya wiki moja, kwa hiyo mimi ningelipia mkono wa kufyatua. Kampuni za Bosch na Fein zilitoa mwaka 2016 mfumo unaoitwa Starlock, bledi inanasa yenyewe. Una ngazi tatu: Starlock ya kawaida, Plus na Max. Bledi ya kawaida inaingia kwenye mashine zote tatu, lakini bledi ya Max haiingii kwenye mashine ya kawaida. Mashine nyingine zinapokea bledi za wazi zenye matundu mengi, na hizo ndizo rahisi kupatikana. Njia salama ni kwenda dukani na bledi yako ya zamani mfukoni.

Na kupatikana ndiyo shida ya kanda yetu. Mashine unaweza kuikuta Kahama au Katoro, bledi yake ukaifuata Mwanza. Kwa watu wa Geita safari hiyo imekuwa rahisi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko imebaki hadithi. Hata hivyo kufuata bledi moja Mwanza ni uchizi. Mkienda kwa mambo yenu mengine, chukueni za miezi sita.

Mpe aishike yeye

Turudi kwa wawili wetu wa Nyihogo. Bwana ni fundi mitambo, mikono yake imezoea spana za kilo tatu. Akiingia dukani atachukua mashine kubwa yenye betri ya 5Ah, atairusharusha mkononi na kusema "hii ndiyo mashine". Kwake ni sawa. Lakini kwa hesabu ya rosta, siku 14 kati ya kila 21 mashine hiyo itakuwa mikononi mwa mkewe.

Kwa hiyo nendeni pamoja, na aishike yeye. Anaweza kuizungushia vidole akiwa ameinua mkono juu, kama mtu anayekata tundu darini? Swichi anaifikia kwa kidole gumba bila kuhamisha mkono? Spidi inapungua kwa gurudumu dogo lililo mahali pa kuonekana? Muombe muuzaji aweke betri, muiwashe. Mtikisiko ukifika mpaka kwenye kiwiko sekunde ya kumi, dakika ya kumi itakuwaje? Mashine nyepesi yenye betri ya 2Ah inayotumika inashinda ile kubwa inayokaa juu ya kabati ikimsubiri bwana.

Najua wanaume wenzangu wengine hapa watakunja uso. "Sasa mke wangu ndiye achonge mlango, mimi nipo?" Kaka, haupo. Uko kambini, na hilo siyo kosa lako, ndilo linalojenga nyumba. Ila mlango hausomi rosta. Na tuwe wakweli, kuna raha yake kupigiwa simu saa tatu usiku na mkeo anacheka, anakwambia kitasa kimekubali, badala ya kupigiwa analia.

Kina dada nanyi: msikubali kufundishwa siku moja, haraka haraka, begi likiwa tayari mlangoni. Mkate pamoja vipande vya mbao uani, angalau mara mbili. Siri ya mashine hii ni kutoikandamiza. Ukibonyeza sana inapata moto, bledi inageuka bluu, kazi inasimama. Iache itembee kushoto na kulia taratibu, yenyewe ndiyo inayokata. Wanaume wengi wanashindwa hapo kwa sababu ya kutaka kuonyesha nguvu.

Vumbi tunalolijua

Watu wa ukanda wa dhahabu hatuhitaji kuhadithiwa habari za vumbi la mawe. Kila familia yenye mchimbaji wa muda mrefu inamjua mzee anayekohoa. Vumbi la silika linatoka kwenye mwamba wa dhahabu, lakini limo pia ndani ya saruji, vigae na grauti. Ukikata grauti kwenye bafu la mita mbili kwa mbili, dirisha limefungwa, umejitengenezea duara lako dogo la mgodi ndani ya nyumba. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Tafuteni N95 au FFP2, loweni grauti kwa maji ya kunyunyiza kidogo huku betri mkiikinga, fungueni dirisha, na watoto watoke nje. Mkimaliza futeni kwa kitambaa kibichi, msifagie.

Miwani ya kinga lazima, kwa sababu chembe za msumari zinaruka. Masikio pia, mashine inapiga kelele kuliko ukubwa wake.

Kama nyumba ni ya zamani, ya serikali au ya shirika, na paa au dari lake ni la asbesto, msilikate kabisa. Hilo halina mjadala wala barakoa.

Na kabla ya kuingiza bledi darini au ukutani, zimeni swichi kuu. Umeme ukiwa umekatika siyo ruhusa ya kukata, maana unarudi bila kupiga hodi. Kuisha kwa LUKU nako siyo kinga. Mpenzi wako kule kambini anaweza kukutumia tokeni kwa mapenzi mema kabisa, mdogo wako akaziingiza kwenye mita wakati wewe uko juu ya ngazi.

"Hii imetoka mgodini"

Kuna maneno utayasikia mitaani: "Bosi, mashine orijino, imetoka mgodini." Boksi hakuna, chaja hakuna, namba ya mashine imekwanguliwa, bei nusu. Tulia. Migodi ina taratibu zake za kuuza vifaa chakavu, na kitu kilichouzwa kihalali kina karatasi. Kisicho na karatasi kinaweza kuwa cha wizi, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa aliyeajiriwa mgodini hatari ni mara mbili, maana akikutwa na mashine hiyo nyumbani kwake, nani ataamini kwamba aliinunua barabarani? Kazi ya miaka minane iende kwa kitu cha kukatia silikoni?

Nunueni dukani, chukueni risiti ya EFD, na iandikwe jina la mashine na siyo "vifaa". Ipigeni picha, wino wa karatasi zile unafutika kabla ya dhamana kuisha. Ulizeni dhamana inafanyiwa wapi: hapo hapo, Mwanza, au Dar? Jibu la Dar maana yake ni basi, parseli na wiki tatu.

Shemeji ameshaisikia

Mashine ikishaingia nyumbani, taarifa inatembea. Shemeji wa Ngokolo anajenga, jirani ana dari, mchungaji ana mimbari. Kukataa Usukumani siyo rahisi, na kusema ukweli siyo vizuri. Lakini ndoa nyingi zimenuniana kwa sababu kitu cha pamoja kimeazimwa na mmoja bila mwingine kujua, kikarudi hakina betri.

Kubalianeni mapema, siku ile ile ya kuinunua. Utaratibu mmoja ninaoupenda ni huu: mashine inaazimwa na betri moja tu, bledi mwazimaji ananunua zake, na anayesema ndiyo au hapana ni yule aliye nyumbani siku hiyo. Bwana akipigiwa simu kambini na shemeji, jibu lake linakuwa fupi: "Muulize mama watoto, yeye ndiye mwenye funguo za kabati."